Ukichukua Kitu, Acha Kitu

14 Januari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika nikiomba uwe mzima, wewe na wasichana wako wote wa bweni, na kwamba lile sikio la kushoto limeacha kupiga filimbi. Sisi huku hatujambo, tukiacha magoti ya mama ambayo kila yakiona ngazi yanagoma. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele kwa mpigo, na sasa akicheka anafanana na wateja wangu. Nilimwambia nitamtengenezea ya bandia bure. Akakimbilia uvunguni mwa kitanda na hakutoka mpaka nilipoapa kuwa ni utani.

Kazi ni ile ile. Kutwa nimeinama mezani, plasta imejaa kwenye kope, nasugua meno ya watu nisiowajua ili wakatafune nyama. Ikifika Ijumaa macho yangu yameshiba weupe. Ndiyo maana nataka nikupe habari za mchezo nilioanza, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho wa barua.

Ni hivi. Kuna watu, watu wazima wenye akili zao timamu, wanaficha makopo. Mtu anakwenda mahali, labda chini ya kalavati au nyuma ya ukuta uliobomoka, anaficha kopo lenye kikaratasi na vikorokoro, kisha anaweka namba za mahali pale kwenye programu ya simu. Sisi wengine tunazifuata zile namba mpaka simu inatufikisha karibu, halafu unapiga magoti na kutafuta kwa vidole. Ukilipata unaandika jina lako la mchezo kwenye kikaratasi. Sheria ni moja tu: ukichukua kitu, acha kitu. Mimi nimechukua gololi nikaacha kifungo, nimechukua pini ya nywele nikaacha jino. La bandia, Shangazi! Waliolipata baada yangu waliandika kwamba walipiga kelele.

Jina langu la mchezo ni Chiriku, lile lile ulilonipa wewe kwa sababu ya mdomo wangu. Mwenzangu, kila akirudi na lori lake, ananiuliza kama nimechoka kuwatafutia watu meno hata nikaanza kutafuta makopo. Lakini pikipiki ananiachia.

Ukweli ni kwamba mimi makopo siyajali sana. Ninachofuata ni njia. Makopo yanakupeleka kwenye njia ambazo barabara kubwa ilizipa kisogo zamani, zenye nyasi katikati na nyumba kuukuu ambazo hakuna anayejua zilikuwa za nani. Jumamosi iliyopita nilikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, nikaiona njia moja inaendelea mbele peke yake, nikakukumbuka. Baba, Mungu amrehemu, aliwahi kusema nyumba ya Babu ilikuwa kwenye barabara ya zamani upande huo. Nilikuwa nikimwuliza wapi hasa, anaanza kuzungumzia mvua. Wewe unaikumbuka njia?

Mjukuu wako anakusalimu bila meno.

Chiriku wako


9 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Barua yako ililala ofisini muda mrefu, maana karani wetu mpya anagawa barua siku anayojisikia. Sikio bado linapiga filimbi, ila sasa angalau limechagua wimbo mmoja. Kwa hiyo endelea kuandika, usinipigie simu. Kwenye simu nasikia "haloo" na "sawa" tu, yaliyo katikati yote yanapotea, na karani amekaa pale anayasikia yeye badala yangu.

Mwambie mama yako magoti hayabembelezwi, yanatembezwa. Mjukuu wangu mwambie meno yatarudi, ila ya bibi yake ndiyo hayarudi.

Mchezo wenu nimeuelewa. Watu wazima mnaficha makopo ili watu wazima wengine wayatafute. Sisi tulikuwa tunatumwa kuokota kuni. Haya, dunia imekwenda mbele.

Njia naikumbuka kuliko ninavyokumbuka jana. Ukishapita kiwanda cha matofali usikubali kuvutwa kulia na barabara mpya. Nyoosha mpaka daraja la chuma, lile jembamba. Ukivuka utapanda kilima chenye mawe meupe. Babu yako alikuwa akikishuka na baiskeli anafunga breki kwa soli ya kiatu, na nyanya yako akilalamika kuhusu viatu. Panapogawanyika shika njia inayopanda. Nyumba iko mkono wa kushoto, ina ngazi za mawe, na ufunguo uko chini ya jiwe la ngazi ya mwisho linalocheza.

Babu yako alikuwa seremala na aliijenga kwa mbao alizobakiza kwenye kazi za watu. Ndiyo maana hutakuta milango miwili inayofanana. Wa mbele ni wa mninga, mteja aliukataa kwa kuwa mzito. Wa jikoni una kidirisha juu, nyanya yako aone nani anakuja kabla hajaamua kama chakula kipo. Wa chumba changu una tundu pale fundo la mbao lilipodondoka, na kupitia tundu hilo nimewachungulia wageni wote wa utoto wangu. Dirisha la mbele lina vioo vyekundu na vya kijani. Asubuhi sakafu ilikuwa inapata rangi, tukiruka kutoka nyekundu kwenda kijani.

Baba yako alitaka iuzwe, mimi nikakataa. Basi ndiyo maana alikuwa akizungumzia mvua. Yamepita, na aliyekuwa na hasira kati yetu hayupo tena.

Jirani wa ng'ambo ya daraja ndiye aliyekuwa akiifungulia madirisha ipate hewa. Alifariki mwaka juzi, na tangu hapo sijui. Nenda ukaniangalizie. Tazama kama paa linavuja na kama milango inafunga. Usiniulize kwa nini.

Na ukifika, piga hodi, hata kama haina mtu. Babu yako hakuruhusu mtu kuingia bila hodi, hata sisi tukitoka chooni. Piga hodi, nyamaza kidogo, ndipo uingie.

Shangazi yako


3 Machi

Shangaziiii!

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo tena. Mama hajambo, mtoto hajambo, kila mtu hajambo, salamu nitakuletea kwenye barua nyingine. Nimeiona!

Kila kitu kiko kama ulivyosema. Daraja la chuma lipo, linalia ukipita. Kilima chenye mawe meupe nilikipanda na pikipiki ikikohoa, nikamfikiria Babu na kiatu chake. Juu pale, panapogawanyika, unaona bonde lote mpaka mtoni, na sikukutana na mtu ila ng'ombe mmoja aliyesimama katikati ya njia kama askari. Nimepita njia nyingi za makopo lakini nzuri kama hii bado.

Nilipiga hodi. Nikanyamaza. Nikajisikia mjinga, halafu nikaingia. Paa halivuji, Shangazi. Nilitazama dari zote na hakuna hata doa. Vumbi ndiyo, lakini sakafu nyekundu ukiifuta kwa mguu bado inang'aa. Na milango! Nilifungua na kufunga mmoja mmoja. Yote inafunga, na ule wa mninga unafunga kwa sauti ya mtu mzima anayekaa kitini. Nimechungulia kwenye tundu lako. Vioo viko vyote. Nilikaa sakafuni kwenye ule mwanga mwekundu wa dirishani mpaka ukahama.

Nililia kidogo. Sikuwahi kujua kwamba tuna kitu kizuri hivi.

Sasa nikwambie nilichofanya, utafurahi. Nimeweka kopo! Ni kikopo cha vidonge vya kikohozi, kiko chini ya ngazi, na nyumba ya Babu imeingia kwenye mchezo. Kwa kuwa kikopo ni kidogo hakitoshi vitu, nimewaandikia wenzangu kwamba vitu vya kubadilishana waviweke ndani, kwenye kizingiti cha dirisha la mbele. Mlango nimeuacha bila kufuli ili waingie wajionee kazi ya fundi. Hata Jumapili haijaisha wamekwisha fika watatu! Mmoja ameandika: "Nyumba hii inakufanya uongee kwa sauti ya chini." Ningetamani Babu aisome.

Ulisema nisikuulize kwa nini. Sikuulizi. Lakini kwa nini?

Chiriku wako mwenye vumbi mpaka masikioni


6 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Marahaba zote tatu. Huku tumejaliwa uzima na mafua, wasichana wanaambukizana kwa foleni. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili, imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Basi nikujibu hiyo kwa nini. Muhula ujao ukiisha, chumba cha matroni kinageuzwa chumba cha kompyuta. Matroni mpya atakuwa analala kwake na kuja kwa gari. Wamenieleza kwa heshima, wakanipa na keki. Nimekaa humu tangu baba yako akiwa na nywele kichwani. Sina mtoto na sina kiwanja. Nina nyumba ile.

Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba nikistaafu narudi kwetu, wala sikujua kama kwetu bado kumesimama. Niliogopa kuuliza. Sasa wewe umeniambia milango yote inafunga. Tangu siku hiyo nalala usingizi wa mtoto.

Na usije ukaniambia nije kwako. Vyumba viwili, mama yako na magoti yake, mtoto, mwenzako akirudi safari, na yale mataya yako unayoleta kumalizia nyumbani. Mtanilaza juu ya meno?

Hao wageni wako sina neno nao, nyumba inapenda sauti za watu. Waambie tu wafute miguu na wapige hodi.

Shangazi yako, mwenye nyumba


28 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazini kulikuwa na mambo, mtoto alikuwa na mambo, mvua nayo. Mama anasalimu sana. Jino moja la mjukuu wako limeanza kuchungulia. Mwenzangu amerudi na amekwenda tena. Kuku wa jirani wametaga.

Nimefurahi kwamba unalala vizuri.

Nyumba ipo. Inapendwa mno, Shangazi, wanakuja hata watu wa mbali, wanasema ni njia nzuri kuliko zote za upande huu, wanapiga picha.

Nilitaka kukuuliza kitu kidogo. Hati ya nyumba iko kwako? Naomba nakala, ni kwa ajili ya kuweka mambo sawa tu. Na kile kitasa cha mlango wa chumba chako, kile cha shaba, unakumbuka Babu alikinunua duka gani? Na vile vioo, vilikuwa vinauzwa au aliagiza? Nauliza tu.

Hapa nalazimika kuishia, plasta inakauka.

Chiriku


22 Juni

Chiriku, wewe mtoto!

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi nikajua kuna jambo, maana wewe hujawahi kunyamaza kwa hiari tangu ulipozaliwa. Nikaisoma tena. Hati. Kitasa. Vioo vinauzwa wapi. "Nauliza tu." Unafikiri nyanya yako alizaa mbumbumbu?

Unanikarabatia nyumba! Unatafuta vitasa vinavyofanana na vya Babu yako, unataka nikute kila kitu kipya, na hukutaka nijue. Nimelia, na mimi si mtu wa kulia, waulize wasichana. Nimekaa kitandani nikasema, kumbe mtu anaweza kukosa mtoto na bado akatayarishiwa mahali.

Nakala ya hati nimeiweka humu. Kitasa alikitoa kwenye kabati la mteja aliyehama, na vioo alivikuta kwenye kanisa lililobomolewa, kwa hiyo usijisumbue, hutavipata. Weka vyovyote.

Na nikupe habari nyingine. Mpishi wetu, ambaye tunaondoka pamoja, alikuwa amenitafutia chumba nyuma ya nyumba ya mwanawe, karibu na daktari wa masikio. Nilikuwa nimemwambia nitafikiri, maana sikutaka kukuelemea kama nyumba ingekuwa na tatizo. Nilipomaliza kusoma barua yako nikaenda jikoni, nikamwambia, asante dada yangu, kampe mwingine, mimi kwangu kunatengenezwa. Siku ile ile amempa mwalimu wa ushonaji.

Nakuja muhula ukiisha. Siku sikwambii. Mwenye nyumba haombi ruhusa.

Shangazi yako anayekupenda


10 Julai (haikutumwa)

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni karatasi ya nne, zile tatu nimezichana. Ngoja niseme bila salamu, nikianza salamu nitaishia kwenye kuku tena.

Nyumba haina milango.

Ilianza na kizingiti cha dirisha. Niliwaambia waweke vitu pale, na wakaweka, gololi, vifungo, minyororo ya funguo. Halafu siku moja vitu vya dirishani vilikuwa vimekwisha, na aliyekuja hakutaka kuondoka mikono mitupu. Alibandua kioo kimoja chekundu, akaacha gololi nyekundu. Akaandika kwamba amechukua rangi na ameacha rangi. Wenzangu wakamsifu mno! Na mimi, Shangazi, nikacheka, nikaona ni kioo kimoja. Aliyefuata alichukua cha kijani. Kisha bawaba, kisha kitasa chako cha shaba, na mahali pake palikuwa na kidoli cha kuning'iniza kwenye funguo.

Kama wangekuwa wezi ningejua la kufanya. Hawa si wezi. Wanafunga nyuma yao, hawatupi takataka, wanaandika majina yao vizuri na kushukuru. Na kila mmoja ameacha kitu. Mlango wa jikoni uliondoka na gari la mizigo, na aliyeuchukua ameacha kiti. Kiti cha plastiki, Shangazi, chenye mguu uliopasuka!

Nimelitoa kopo langu. Nimeifuta nyumba kwenye programu. Mtu mwingine ameirudisha kwa kopo lake, kwa sababu anaona ni aibu mahali pazuri kama pale pasahauliwe. Nikaweka kibao: "Nyumba hii ina mwenyewe." Jumamosi iliyofuata kibao hakipo, na pale kilipokuwa kuna saa ya mkononi isiyofanya kazi. Nikawaandikia wote, nikawaomba. Wamenijibu kwa upendo, kila mmoja anasema yeye alichukua kitu kidogo tu.

Nikaenda ofisi ya kata na nakala ya hati. Afisa akaisoma, akaniuliza mwenye jina hili ni wewe? Nikasema ni shangazi yangu. Akasema basi mwenye jina aje alalamike mwenyewe. Nikampeleka fundi mwashi azibe mahali pa milango kwa matofali. Akazunguka nyumba, akaniambia, dada, naweza kuziba, lakini nikiziba watafikiri ndani kuna kitu. Mlango wa mninga ulikuwa wa mwisho kuondoka. Nilikuwa nimeubandika karatasi ya kuwasihi. Waliuchukua pamoja na karatasi.

Mbuzi wanalala chumbani kwako. Mvua inaingia madirishani na sakafu imeanza kupasuka. Ningeweza kutengenezesha milango mipya, lakini nani atailinda asubuhi na jioni? Na wewe umekataa chumba cha mpishi kwa sababu yangu, kwa sababu nilikosa ujasiri wa kuandika mstari mmoja. Shangazi, sijui nifanye


4 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Sote wazima.

Nakuomba usije kwanza. Njia imeharibika kwa mvua, na kwenye nyumba kuna mlango mmoja au miwili isiyofunga vizuri. Njoo kwetu, kaa hapa kidogo, tutabanana, mama amefurahi, mtoto amekwisha kukutengea upande wa ukutani. Nitakueleza ukifika.

Tafadhali nijibu haraka. Kama ni lazima, nitazungumza na karani kwa simu.

Chiriku wako


2 Septemba

Chiriku,

Marahaba, ingawa sijasikia shikamoo yako siku nyingi. Barua yako ya mwisho kunifikia ni ile ya kuku. Kama uliandika nyingine, zimepishana nami njiani. Shule ilifungwa na karani akaondoka na ufunguo wa sanduku la barua. Wasichana waliniimbia wakati wa kuondoka, nikasikia nusu.

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwa baba yangu. Karatasi hii ni ya mtihani, geuza nyuma utaona maswali. Nimekalia kiti cha plastiki nilichokikuta jikoni, mguu umepasuka, nimeufunga na kitambaa changu cha kichwa.

Nilikuja juzi na lori la matofali. Dereva alinishusha pamoja na sanduku langu, akaniuliza, mama, una hakika ni hapa? Nikamjibu kwa ukali kwamba nimezaliwa hapa. Akaondoka. Nikapanda ngazi, nikapiga hodi, nikanyamaza kidogo kama tulivyofundishwa. Hapo ndipo nilipotazama mbele yangu. Nilishuka ngazi, nikaenda kutazama nyumba kutoka njiani, nikidhani nimekosea. Sikukosea. Fremu zimebaki kwa kuwa zimejengewa ukutani, na kwenye ya jikoni iko mikato ya kisu ambayo babu yako alikuwa akitupimia urefu, wa baba yako na wangu.

Mbuzi niliwatoa. Wamerudi.

Jana asubuhi walifika wageni, kijana na binti, kofia za pikipiki mikononi na simu mbele. Wakaingia hadi sebuleni wakitazama sakafu. Walipoinua macho na kunikuta kitini, binti alishtuka akaniamkia vizuri. Kijana akaniuliza kama mimi ni mlinzi. Nikawauliza wanatafuta nini. Wakanieleza mchezo wote, nami nikawaacha waeleze. Nikawauliza, na huyu aliyewaonyesha njia hii ni nani? Binti akasema, anaitwa Chiriku, bibi, ni mtu mwema sana, bila yeye hakuna ambaye angejua mahali hapa.

Nikasema namfahamu.

Kisha nikawaambia mimi ndiye mwenye nyumba. Walitazamana. Binti akaniomba msamaha kwa adabu ambayo natamani wasichana wangu wangekuwa nayo. Alikuwa na machozi kweli. Halafu akatoa gololi mfukoni akaiweka dirishani, kwa kuwa ndiyo sheria, na mkono wake ukabaki pale hewani, hajui achukue nini. Nikatazama huku na huku nimsaidie. Nikamwambia, mwanangu, hakuna kilichobaki hapa ila mimi. Akafikiri natania, akacheka. Nami nikacheka, maana ningefanya nini?

Wameomba kunipiga picha, nikakubali. Leo wamerudi na mkate, na barua hii nawapa wao. Wamesema watakutafuta, na nadhani wataweza, kutafuta ndiyo kazi yao.

Nimekasirika, Chiriku. Sitaki uje ukifikiri sikukasirika. Nimekukasirikia kwa kila mlango peke yake, na zaidi kwa lile "nauliza tu." Nikiwa safarini nilikuwa nawaambia abiria wenzangu kwamba mtoto wa kaka yangu amenikarabatia nyumba. Nilimwambia hata mtu aliyekuwa amelala.

Hapa siwezi kukaa, mvua imenilowesha usiku wote. Kwako hapatoshi. Kwa mpishi ameingia mwalimu wa ushonaji. Hayo tutayazungumza ukifika, ingawa sijui tutasema nini, na najua wewe pia hujui.

Usiniletee milango. Milango ya nani? Niletee chai ya moto, na uje wewe mwenyewe, umwache mtoto kwa bibi yake, asiyaone haya. Ila ukifika usiingie tu kama wao. Simama pale palipokuwa na mlango wa mninga, upige hodi, unyamaze kidogo. Nitaitika.

Shangazi yako